Shuka Lililokwenda Kuposa

Hijaltala, Mtaa wa Madobi
Tarehe 5 Kartik, mwaka 1313 wa Kibengali

Dada yangu mpendwa Mokshada,

Kwa mbali nilipo naigusa miguu yako na kujipaka vumbi lake kichwani. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na lile goti la kushoto limekupa nafasi kidogo sasa mvua zimekatika. Shemeji naye kifua chake vipi? Mwambie aache kuoga alfajiri kama kijana, maji ya Kartik hayana huruma na wazee. Na ng'ombe mwekundu mliyesema yuko karibu kuzaa, amezaa nini? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, nafua. Zaidi ya hapo utasikia mwenyewe.

Upen, najua ni wewe unayemsomea mama yako, kwa hiyo nakusalimu hapa hapa mlangoni kabla hujaingia ndani. Soma taratibu, mwanangu. Mama yako hapendi kusomewa mbio mbio, na barua hii ina mahali pengi pa kujikwaa.

Dada, kwanza nisamehe kwa siku ya dada kumtia ndugu yake alama kwenye kipaji cha uso. Najua ulifunga tangu asubuhi, ukasaga msandali, ukapanga vile vitamu vya nazi kwenye sahani ya shaba, ukakaa ukitazama mto hadi jua likapinda. Tangu mama alipotuacha sijakosa hata mara moja. Mwaka wa mafuriko nilikuja juu ya magogo ya migomba, ukanicheka kwamba nimefika nikinuka kama chura, lakini nilifika. Safari hii hapakuwa na mafuriko. Mashua zilikuwepo tele na mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe langu la kufulia, sifui. Wanasema ndugu akikosekana, alama hupakwa kwenye nguzo ya mlango. Natumai uliipaka nguzo. Nguzo haijamkosea mtu.

Unaniwekea alama ile ili mauti yasinipitie mlangoni. Mimi niliona haya kukuinamishia kipaji changu, kwa sababu sikustahili kuombewa na mtu kabla hajajua anamwombea nani.

Barua yako ya mwezi wa Bhadra niliipata. Nilifurahi kusikia wakwe wameshakubali kila kitu na kwamba harusi ya Upen ni mwezi wa Aghran, mpunga ukishavunwa. Umenisifia binti: ana nywele mpaka magotini, anajua kupika samaki wa hilsa kwa haradali, na hana ulimi. Hilo la mwisho ngoja kwanza, Dada, mabibi harusi wote hawana ulimi hadi mwezi wa tatu. Halafu ukaniambia nije na nguo za bwana harusi kama kawaida yangu, na ikiwezekana nilete lile shuka la upindo mwekundu alilovaa Upen siku ya kwenda kujionyesha, maana lilimletea bahati. Niliposoma hapo barua iliniponyoka ikaingia kwenye beseni la magadi. Ndiyo maana sikujibu kwa haraka. Nadanganya: niliianika, ikakauka siku hiyo hiyo, na bado sikujibu.

Wewe ni binti wa dobi na mke wa dobi, kwa hiyo sihitaji kukufundisha biashara yetu. Lakini nataka niiseme kwa maneno yake. Hapa Hijaltala hakuna harusi ya maskini iliyofanyika miaka hii ishirini ambayo sikuivisha. Nguo za mabwana zinakuja Jumatatu, zinatakiwa kurudi Alhamisi. Katikati hapo zina siku zao za kutembea mabegani mwa maskini. Mara moja wakili wa mjini alialikwa kwenye harusi ya mpagazi wake, akakaa karibu na baba wa bwana harusi, akamwambia, “Mzee, umevaa nguo nzuri kama yangu.” Mzee akamjibu kwa heshima, “Bwana, tunafuliwa na dobi mmoja.” Tulicheka wiki nzima. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya sanduku la bwana aijuaye dobi. Marehemu mama peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa akisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nasi tukamwona mtu wa zamani asiyejua maisha.

Sasa nikurudishe nyuma mwaka mmoja, ili ulione lile jambo tangu shina lake.

Unakumbuka siku ya mwisho ya mwezi wa Ashwin mwaka jana, siku ambayo serikali iliikata Bengali vipande viwili, sisi wa mashariki tukawekwa huku na Kalkata ikabaki kule, kama ndugu waliogawiwa kwa walezi tofauti. Nyinyi huko Shaplakandi mlikaa bila kuwasha moto kama sisi. Hapa hakuna jiko lililotoa moshi siku ile, hata la mlevi wa bandarini. Watu walishuka mtoni kuoga kama wanaozika, kisha wakafungana nyuzi za manjano mikononi, kwamba aliyetukata ramani hakutukata udugu. Mimi nilikuwa nimesimama kando na ndoo yangu. Nilijua uzi wangu nitafungwa na dobi mwenzangu. Mwalimu Durgagati akatoka majini, nguo zikimchuruzika, Brahmini wa kuzaliwa, mtu wa tabaka la makuhani, akaja moja kwa moja hadi kwangu akanishika mkono huu unaonuka magadi. Nilirudi nyuma. Nikamwambia, “Mwalimu, utalazimika kuoga tena.” Akasema, “Haradhan, mto upo, sitaukosa,” akanifunga.

Tangu hapo nikawa mtu wake. Ni yeye aliyeanzisha masomo ya mchana kwa sisi watu wa kazi, chini ya paa la ghala la juti, na herufi hizi anazozisoma Upen nimezipata kwake nikiwa na miaka arobaini na nane. Alipowaomba vinyozi wasiwanyoe wauzaji wa nguo za Uingereza, na makuhani wasifungishe ndoa zenye sari za Manchester, mimi ndiye niliyesimama wa kwanza katika baraza la madobi nikashika chombo cha maji matakatifu ya mto Ganga na kuapa kwamba hakuna nguo ya kigeni itakayopigwa kwenye jiwe langu. Madobi thelathini wakaapa nyuma yangu. Watu wakaniita Haradhan wa kiapo. Nilipenda, Dada. Nisikufiche. Nilikuwa natembea nikirefusha shingo.

Shuka lile unaloliulizia lilikuwa la kwanza kutoka kwenye kitanda cha kufumia cha mzee Nasarddi baada ya watu kurudia nguo za nyumbani. Lilikuwa zito na pana, na upindo wake mwekundu ulikwenda mrama kidogo kwa sababu mzee alikuwa amekaa miaka saba bila kufuma. Mwalimu alilipenda kuliko hariri. Alilivaa kwenye kila mkutano, na mji mzima ulilijua. Pembeni mwake niliweka alama ya nyumba yake kwa ule wino wetu wa kokwa: mistari miwili na nukta. Unajua wino ule hautoki hata nguo ichakae ibaki nyuzi.

Mwezi wa Jyaistha wewe ukaniletea habari kwamba Upen anakwenda kujionyesha kwa wakwe na hana cha kujitanda mabegani isipokuwa shuka la baba yake lenye viraka. Ukaniambia nimtafutie kitu cha heshima. Shuka la Mwalimu lilikuwa limeletwa Jumatatu hiyo. Nililifua, nikalitia wanga, nikalipiga pasi, nikampa Upen limenyooka kama karatasi mpya. Nilimwambia alirudishe Jumatano kabla ya adhuhuri, asile ndani yake kitu chenye mchuzi. Hapo sikuona kosa lolote. Ilikuwa kazi ya kila siku.

Yaliyotokea Jumatano, Upen anayajua nusu na wewe huyajui kabisa, kwa sababu nilimwapisha asikuambie.

Alikuwa anarudi kutoka kwa wakwe, amekubaliwa, moyo umejaa, akashukia kwenye gati la sokoni mchana. Wakati huo huo vijana wa Mwalimu walikuwa wameizuia mashua ya chumvi ya Uingereza, wanapasua magunia na kuyamwaga mtoni. Nani angepita kando akiwa na miaka ishirini na ameposa siku hiyo? Upen aliruka ndani. Alibeba magunia manne, aliniambia, kana kwamba ndiyo mahari yenyewe. Polisi wakaja. Askari mmoja akamdaka kwa nyuma akashika shuka. Upen akazunguka, akachomoka ndani yake, akarukia mashua ya pili. Askari akabaki na shuka mkononi, akarudi nyuma hatua mbili, akatumbukia baina ya mashua na gati. Mguu wake ulivunjika mahali pawili na kichwa kikapasuka.

Upen alinijia mabega wazi, anacheka. Nami nilicheka, Mungu anajua. Nikamweka kwenye mashua ya kwanza ya kuja kwenu, nikamwambia akae huko asikanyage Hijaltala hadi nimwite, na habari ya shuka aniachie.

Siku ya pili inspekta wa polisi alikuja mtaani kwetu na lile shuka chini ya kwapa. Alikuwa amezunguka kwa madobi wawili kabla yangu, nao walisema hawajui. Akanionyesha ile pembe akauliza kama naijua alama. Nilijibu hata hajafunga mdomo. Nikamwambia ni ya Mwalimu Durgagati, mistari miwili na nukta, mkono wangu mwenyewe. Dada, nilijibu kama mtoto anayejua jibu darasani. Neno lilipotoka ndipo nikaona limekwenda wapi. Akaniuliza lini nililirudisha. Nikasema Jumanne.

Wangemwacha mtu mwingine, labda. Lakini Mwalimu walikuwa wanamtafutia kamba muda mrefu. Siku moja kabla ya mkasa alikuwa amehutubia sokoni kuhusu chumvi ile ile. Yule askari aliyeumia alisema uso hakuuona, aliona shuka tu. Siku ya tukio Mwalimu alikuwa kitandani, pumu imembana, na shahidi wake ni mkewe peke yake. Mke akasema mahakamani kwamba shuka halikuwepo nyumbani, lilikuwa kwa dobi. Hakimu akatabasamu. Akasema mke mwema angesema hata kwamba lilikuwa mwezini. Kisha wakaniita mimi.

Nilipewa maji ya Ganga, chombo kama kile kile nilichoapia baraza letu. Nikasema nililirudisha Jumanne, nikamkabidhi mke wa Mwalimu mwenyewe mkononi. Yeye alikuwa amekaa nyuma ya pazia la wanawake. Sikumwona, ila nilisikia bangili zake zikigongana mara moja.

Wakili wa Mwalimu akanyanyuka kunihoji. Angeniuliza maswali mawili tu ningekwisha. Mwalimu akamshika wakili kwenye mkono wa kanzu, akamnong'oneza. Wakili akabisha. Mwalimu akatikisa kichwa. Wakili akakaa akasema hana swali kwa shahidi huyu. Mwalimu akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa akinitazama hivyo nikikosea herufi, akingoja niione mwenyewe.

Alipewa miaka miwili na kazi ngumu.

Mji ulilia, maduka yakafungwa siku tatu. Wakawa wanamtafuta msaliti. Walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakamshuku karani wa posta, wakamshuku muuza mafuta. Mimi hakuna aliyenishuku, eti dobi wa watu alilazimishwa na alama yake, angefanyaje? Kuna waliokuja kunipa pole. Mmoja alinililia begani, na mimi nikampapasa mgongo.

Jambo lililonimaliza ni hili. Kila Jumatatu mke wa Mwalimu aliendelea kuniletea nguo. Mji una madobi thelathini na mmoja. Alikuwa ananiletea sari zake mbili na shuka la kitandani, anaziweka kwenye ngazi, haongei, anaondoka. Alhamisi nazirudisha, anazihesabu mbele yangu moja moja kwa sauti. Hakuwahi kuzihesabu zamani.

Mwaka ukatimia. Siku ya mwisho ya Ashwin, wiki iliyopita, tulikaa tena bila moto, tukashuka tena mtoni. Nilijificha nyuma ya madobi wenzangu. Mke wa Mwalimu akanitafuta. Alikuwa na uzi wa manjano, watu wote wakanyamaza kumwona mke wa mfungwa anamfuata dobi, wengine wakafuta machozi kwa uzuri wa jambo. Akanifunga mkono huku akisema chini chini, asisikie mtu, na maneno yake nimeyakariri kama somo.

“Nilikwenda kumwona gerezani,” akasema. “Wamemweka kwenye kinu cha mafuta, anazunguka nacho kama ng'ombe. Anakohoa damu. Amenituma nikuulize swali moja. Anauliza, posa ilikubaliwa?”

Niliutazama uzi.

“Mahakamani waliponyoosha shuka,” akaendelea, “aliona manjano ya bizari kwenye upindo. Akajua lilikwenda kuposa. Akasema aliyelivaa ni mtoto wa watu maskini, na akitajwa watampiga mpaka awataje wenzake wote. Yeye wanamjua, atapigwa kwa adabu. Ndiyo maana alimnyamazisha wakili.”

Akakaza fundo, likaniuma. Akasema, “Yeye amekusamehe, Haradhan. Mimi bado. Uzi huu nimekufunga kwa sababu ameniomba. Kwa hiari yangu ningekufunga jiwe.” Akageuka akapanda ngazi, na watu wakampisha njia.

Dada, bizari ile ilitoka mkononi mwa mama mkwe, alipomgusa Upen kumbariki. Mimi ndiye niliyemwambia asile chenye mchuzi. Sikufikiria baraka.

Siku tatu baada ya hapo ndipo uliponingoja na msandali. Sasa unajua kwa nini sikuja. Nilikuwa na uzi mkono mmoja ambao sikuustahili, nikaona nisiongeze alama kipajini.

Nimefika kwenye lile lililonifanya niichane barua hii mara nne. Hadi hapa unaweza kusema, masikini Haradhan, alikula kiapo cha uongo kumwokoa mpwa wake, damu ni nzito kuliko maji. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo miezi mitano, na nilikuwa napata usingizi. Si kweli. Nilipomwambia inspekta kwamba nililirudisha Jumanne, sikumfikiria Upen hata kidogo. Wala mahakamani sikumfikiria. Niliwafikiria mabwana wa mji huu wakijua kwamba nguo zao zinatembea. Nilimfikiria yule wakili akikumbuka harusi ya mpagazi wake. Niliona ngazi yangu tupu Jumatatu, na mimi, Haradhan wa kiapo, naitwa dobi mwizi. Nilimpeleka mtu kwenye kinu ili nisiaibike kwa jambo ambalo kila dobi analifanya. Upen alikuja kichwani baadaye, nikamvaa kama nilivyozoea kuvalisha watu nguo za wengine.

Leo asubuhi nilikwenda kwa wakili wa Mwalimu nikamwambia yote. Alinisikiliza bila kuniambia nikae. Kesho ananipeleka kwa hakimu. Nitasema shuka lilikuwa kwangu, nililiazimisha, sikulirudisha, na kwamba nilidanganya nikiwa nimeshika maji ya Ganga. Kwa hilo najua nitafungwa, na ni haki. Wataniuliza nani alilivaa. Hapo nitanyamaza. Usinione shujaa, Dada. Nimeshatoa jina moja lisilo langu kulitoa, la pili halitatoka.

Wakili ameniambia wazi kwamba huenda neno langu lisitoshe. Hakimu anaweza kusema dobi amepangwa na wafuasi wa Mwalimu. Atataka mtu aliyelivaa. Nikamuuliza kama mimi siwezi kusema nililivaa mwenyewe. Akanitazama mguu wangu huu ninaouburuta, akauliza ni mashua gani niliyorukia.

Upen, hapa ndipo pa kujikwaa. Usiruke mstari. Mama yako anakutazama usoni, na huenda ameshaelewa kwa namna sauti yako ilivyobadilika. Uliponiandikia kuuliza shuka limeishia wapi, nilikujibu kwamba nimempa mwenyewe jingine na ameridhika. Uliposikia Mwalimu amefungwa, nilikuacha uamini ni kwa sababu ya hotuba zake. Hukujua. Usikubali mtu yeyote akuambie ulijua, hata wewe mwenyewe. Sasa unajua. Sikuiti, wala sikukatazi. Una mama, una mchumba, una miaka ishirini. Mwalimu ana mapafu ambayo sidhani yatafika masika. Ninakupa mambo yote mawili jinsi yalivyo, maana nimechoka kuchagua kwa ajili ya watu.

Na wewe Dada, mimi ulinilea kwa mgongo wako, najua unavyoweza kumshika mtu. Akinyanyuka, usimshike. Akikaa, usimsukume. Ukitaka kumlaani mtu, nilaani mimi, anwani yangu kuanzia kesho itakuwa rahisi kuipata.

Msalimie shemeji, umwombe radhi kwa kuwa nimeingiza baridi nyumbani kwake. Wasalimie majirani wote walioniulizia, na wakikuuliza mdogo wako hajambo, waambie ameanza kufua nguo zake mwenyewe.

Mwenye mashua anayekuletea barua hii atakupa pia kifurushi. Ndani yake mna shuka. Nililifuata kwa Nasarddi nikalichukua kutoka kwenye kitanda cha kufumia, halijaguswa na mtu mwingine. Safari hii upindo umenyooka. Nililifua mara moja tu kutoa wanga wa mfumaji. Ni la Upen, la siku yoyote atakayolihitaji, ya harusi au ya safari nyingine. Nimelikagua pembe zote nne kwenye mwanga. Halina alama ya nyumba ya mtu.

Ni mimi mdogo wako asiyestahili alama yako,

Haradhan Rajak, dobi